Mwezi Juu ya Mstari

Kitabu cha kwanza ambacho mikono yangu ilishiriki kukitengeneza, mpaka leo najua kusoma neno moja tu ndani yake. Mengine yote nayajua kwa picha. Najua ukurasa ambao mbuzi anatetemeka magoti, na ule ambao bibi anacheka mpaka kitambaa kinamvuka kichwani. Watu wakinitembelea hapa Tanga nakiacha mezani makusudi, wakiuliza niwahadithie. Wasipouliza nawahadithia vilevile.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani vya kutosha, shangazi yangu aliponichukua tukaenda Guangzhou. Yeye alikuwa akinunua nguo za watoto na viatu, mzigo unakwenda Kariakoo, na macho yake yalikuwa yameanza kuchanganya kijani na buluu kwenye yale maduka yasiyo na madirisha. Kazi yangu ilikuwa kumwonea rangi. Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu. Sababu ya pili alimwambia baba, nami nikiwa nyuma ya pazia: huyu mtoto anaota mno mchana, acha akatembee aone kama dunia inafanana na ndoto zake.

Kwangu mimi ilifanana. Hong Kong ilikuwa imerudi kwa Wachina juzijuzi tu, na Waswahili mjini Guangzhou tulikuwa wachache kiasi kwamba ukisikia mtu anasema "samahani" nyuma yako pale Zhanxi, mtaa wa maduka ya viatu na nguo, unasimama unamsubiri umjue ni wa wapi. Tulipanga chumba kwenye nyumba ya wageni, kichochoro cha nyuma ya mtaa huo. Ndege za uwanja wa Baiyun zilipita juu ya paa letu chini sana, ukawa unaona magurudumu yanavyotolewa. Shangazi alikuwa akizisema kama mtu anavyosema jirani mwenye redio kubwa. Mimi nilikuwa nikipanda juu ya paa kuzipungia mkono.

Huko juu ya paa ndiko nilikokutana naye. Nilikuwa nimebeba madera ya shangazi nikayaanike. Ilikuwa Machi, ule mwezi ambao mji mzima unatoka jasho: kuta zinatiririka, sakafu zinateleza, na nguo unazozianika leo kesho unazikuta mbichi vilevile. Katikati ya mashuka ya watu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mwanamke wa makamo, amevaa gauni refu juu ya suruali na mtandio shingoni. Alikuwa anachora mbuzi.

Mbuzi yule alikuwa anaogopa. Nimeona mbuzi wengi maishani, wa kweli na wa kuchorwa, lakini sikuwahi kuona mbuzi ambaye magoti yake yanakufanya utake kumshika bega. Madera yakanitoka akilini. Nikamwuliza kwa Kiswahili, maana ndicho kilichonijia mdomoni:

"Kitabu?"

Akainua uso. "Kitab," akasema, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na mgeni.

Nikaonyesha kalamu iliyokuwa sikioni mwake. "Kalamu."

"Kalam."

Nikaonyesha kisanduku. "Rangi."

"Rang," akasema, na sasa wote tulikuwa tunacheka. Nikafungua mikono miwili nikaizungusha juu ya mapaa yote mpaka upande wa uwanja wa ndege.

"Dunia."

"Duniya," akasema, akasogea kwenye ndoo yake ili nami nipate pa kukaa.

Alikuwa Mnepali, mwandishi wa vitabu vya watoto. Nilipomwita dada aliniambia kwao dada mkubwa ni didi, na mdogo ni bahini. Basi yeye akawa Didi, mimi nikawa Bahini. Mambo mengine tuliyasema kwa Kiingereza cha kuokoteza, changu cha shule ya msingi na chake cha mlimani, na pale kilipokatika tulimalizia kwa mikono.

Alikuwa amekuja na ndugu yake wa kiume, mfanyabiashara wa viatu. Siku niliyotambulishwa kwake nilimwamkia kwa adabu zangu zote nikamwita kaka. Yule bwana akamgeukia dada yake, uso umemshuka. Kumbe kwao kaka ni baba mdogo.

"Mwambie huyu binti," akasema, "nywele zinanitoka, kweli, lakini huko sijafika."

Nikamtafsiria shangazi. Shangazi akamtazama yule bwana kichwani, taratibu, akasema, "Mtoto wa watu hajakosea. Hicho kipara kina wajukuu." Nilimwambia Kaka kwamba shangazi anasema karibu. Jina likamshika vivyo hivyo, na baada ya siku chache alikuwa akigonga mlango wetu na kujitangaza mwenyewe: "Kaka."

Taabu ilikuwa kula pamoja. Sisi tulikula kwa Waislamu wa Kichina wanaovuta tambi kwa mkono, lakini supu yao ni ya ng'ombe, na Didi hali ng'ombe. Kwingine kote ni nguruwe, na sisi nguruwe hatuli. Tukakutana njia panda: mayai ya kukaanga na nyanya, na wali. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyanya zinaiva na mayai namwona Didi, kijiko kimesimama hewani, anahadithia.

Mara ya kwanza aliponihadithia alikatisha katikati akanikazia macho. Nikadhani amesahau. Akasema hapana, ni mimi ninayeiua hadithi. Kwao msimulizi hawezi kuendelea kama msikilizaji haitikii. Kila sentensi ikiisha lazima useme "hun", sauti itoke puani. Ukinyamaza, hadithi inakaa chini inagoma kutembea.

"Hilo nalo la kusafiria?" akasema shangazi nilipomweleza. "Na sisi tunasema enhe. Marehemu bibi yako usipomwitikia enhe alikuwa anakwenda zake kulala."

Basi mezani kwetu ikawa hivyo: Didi anasimulia, mimi hun, shangazi, ambaye hakuelewa nusu yake, enhe.

Na hivi ndivyo alivyotuhadithia habari zake, kidogo leo, kidogo kesho. Alizaliwa milimani, upande huu wa mto, na shule ilikuwa upande ule. Katikati kulikuwa na daraja la kuning'inia, mbao juu ya nyaya, ukikanyaga huku linapanda kule. Watoto wote walivuka. Yeye alifika mwanzo wa daraja kila asubuhi, akaona maji kupitia nafasi za mbao, miguu ikagoma. Akarudi kuchunga mbuzi. Wenziwe wakajifunza kuandika majina yao, yeye bado. Ndugu yake, mdogo kwake kwa umri, akavuka kwa kurukaruka na kumzomea kutoka ng'ambo: "Didi mbuzi, Didi mbuzi." Hapo Kaka aliinamia wali wake na kuzitafuta punje moja moja.

Halafu bibi yao akamshika mkono siku moja, wakasimama mwanzo wa daraja, akaanza kumpa hadithi. Palikuwa na mbuzi. Na mjukuu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akaitikia hun, na bibi akapiga hatua. Mbuzi huyo alikuwa na kiburi. Hun, hatua nyingine. Didi akawa na kazi moja tu, kuitikia, asije akaiua hadithi mikononi mwa bibi yake. Alipokuja kuinua macho, mbuzi amefika malishoni na yeye amefika shuleni. Aliingia darasa la kwanza akiwa mrefu kuliko wote, akakaa nyuma ili asiwazibe wenziwe ubao.

Akasoma mpaka akawa mwalimu milimani hukohuko. Watoto aliowafundisha hawakuwa wameona hata baiskeli, na kitabu chao cha kusomea kilikuwa na picha ya meli. Basi akachora chake mwenyewe, akakishona kwa uzi wa blanketi. Nakala moja. Kila mtoto alikwenda nacho nyumbani kwa zamu, kikavuka daraja, kikapanda vijiji vya juu, kikapotea msimu mzima wa mvua. Kiliporudi kilikuwa na manjano ya jikoni, mafuta ya kichwa, na kona moja mbuzi amekula. Alituonyesha kwa vidole ukubwa wa kona iliyoliwa, kifua mbele, kama askari anayeonyesha nishani.

Baadaye alihamia Kathmandu, akawa anaandika ukurasa wa watoto kwenye gazeti, akashona vitabu vingine, na watu wakaanza kumfahamu: yule mwalimu wa mbuzi. Lakini kitabu cha kuchapwa, cha rangi, cha kuwatosha watoto wote wa mlimani, kila mchapaji aliyemwendea alimpa chai na kumtakia safari njema.

Aliyelipata jibu ni Kaka. Viatu vyake vya Guangzhou vilikuwa vinatiwa kwenye maboksi yenye picha, na maboksi hayo yalichapwa na laoban mmoja, karibu na Zhanxi. Laoban ndivyo tulivyomwita kila mwenye duka au karakana. Maana yake bosi, na hata muuza soksi ukimwita hivyo anasimama wima. Kaka akamwambia dada yake: mashine inayoweza kuchapa kiatu juu ya boksi itashindwaje kuchapa mbuzi juu ya karatasi? Aliagiza karatasi yeye, akapanga nafasi ndani ya mzigo wake yeye. Ila alisema wazi, mbele yetu sote. Ni safari hii tu. Vitabu viondoke na viatu, vifike kabla shule za kwao hazijafungua mwaka mpya, mwezi wa nne. Vikiharibika, hana namna ya kuja mara ya pili.

Didi aliitikia hun, na mayai yake yakapoa.

Siku zile akawa anamalizia picha juu ya paa, mimi nikimshikia mwavuli. Alinionyesha herufi zao. Anapiga mstari kwanza, halafu herufi anazishusha kutoka kwenye mstari.

"Nyinyi mnaziweka juu ya mstari," akasema, "kama watu wamekaa kwenye benchi. Sisi tunaanika." Akaonyesha kamba yenye madera ya shangazi.

Nikaangalia madera, nikaangalia maandishi, na ni kweli kabisa yalikuwa yameanikwa. Kila neno na kamba yake, mikono na mikia inaning'inia. Kitu kimoja tu kilikaa juu ya kamba, tena si kwenye kila neno: kikombe kidogo chembamba kama mwezi mwandamo, na nukta juu yake.

"Hiyo ni pua," Didi akasema. "Ukiona hiyo, sauti inapita puani. Hun."

Shangazi, aliyekuwa amekuja kugusa nguo zake kama zimekauka, akachungulia. "Mwezi na nyota," akasema. "Kama juu ya msikiti."

Didi akasema mwezi ni wa watu wote. Kisha akatuonyesha ukurasa wa katikati wa kitabu. Mbuzi yuko katikati ya daraja. Mto uko chini, ukungu uko juu, huku mbali, kule mbali. Na kwenye ukurasa mzima neno ni moja tu, lile lenye mwezi. Alitaka mtoto anayesoma aliseme yeye mwenyewe, kwa pua yake, kwa sababu asiposema mbuzi havuki.

Maandishi alikuwa ameyaleta kutoka kwao, yamepigwa kwa kompyuta kwenye karatasi nyeupe. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyakata vipande, kila kipande kibandikwe chini ya picha yake, halafu laoban apige picha kurasa zote na kuzitia kwenye mashine.

Siku ya kubandika ilipofika Didi alikuwa na homa. Ule unyevu ulikuwa umemwingia kifuani. Kaka alikuwa kwenye maghala ya mizigo ya Guangyuan Xilu tangu asubuhi, anasimamia marobota yake yakifungwa. Laoban akapiga simu mapokezi: ni leo, kwa sababu kesho mashine inaanza oda kubwa ya maboksi ya raba na haitapata nafasi tena mpaka mzigo wa Kaka umeshaondoka. Didi akavaa kiatu kimoja. Alipoinamia cha pili ukuta ukamzunguka, akakaa.

"Nenda wewe, Bahini."

"Didi, mimi siwezi kusoma."

"Unaweza kutazama," akasema.

Shangazi akajifunga mtandio. "Twende wote," akasema. "Wewe utatazama, mimi nitagomba."

Karakana ilikuwa chumba cha chini kinachonuka wino, maboksi yamepangwa mpaka dari. Laoban alikuwa na simu shingoni na sigara isiyowashwa. Mezani, mbele ya kioo chenye taa chini yake, alikaa mkewe, mama wa umri wa shangazi, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Na hapo nikaona kwamba kazi imekwisha. Alikuwa ameamka mapema akabandika kurasa zote kabla hatujafika, kutupunguzia taabu. Akatupangia moja moja, ncha za vidole vyake nyeupe kwa gundi, akatutazama usoni.

Nasema kweli, zilikuwa nzuri. Vipande vimenyooka kama vimepigiwa rula. Mbuzi, bibi, daraja, nikawa nataka kulia.

"Safi," akasema shangazi. "Haya twende, nina viatu vya kuchagua."

"Subiri, shangazi."

"Kuna nini?"

"Sijui."

"Sijui si jibu, mwanangu."

Nilijua kuna kitu, kama unavyojua mtu amehamisha kiti chumbani kwako. Nikarudia ukurasa wa kwanza. Mstari ulikuwapo, herufi zilikuwapo. Halafu nikaona. Zilikuwa zimekaa kwenye benchi. Kila mstari ulikuwa chini, na herufi zimesimama juu yake, mikono na mikia hewani, kama nguo zilizosimama wima juu ya kamba zenyewe. Yule mama alikuwa ametumia akili ya kila mtu. Mstari ni sakafu. Ukipewa maandishi ya watu usiowajua, sakafu unaiweka chini. Alikuwa amepindua kitabu kizima, tena kwa uangalifu kabisa.

Nikaogopa. Labda maandishi ya kompyuta yanakwenda tofauti na ya mkono. Labda nikiyageuza nitakuwa mimi niliyeharibu, Didi amelala kule anangoja, na mashine ni ya leo tu. Nikaanza kuutafuta mwezi. Ukurasa wa tatu nikaupata. Ulikuwa chini ya sakafu, umepinduka, kama kikombe kilichomwaga chai.

"Shangazi, mwezi uko chini."

Akainama, akavuta miwani yake. Shangazi alikuwa mwepesi kuelewa jambo likimpitia machoni. "Ala," akasema. "Mwezi haukai uvunguni."

Nikamwambia laoban hapana, nikazungusha mkono kuonyesha kugeuza. Akacheka, akatikisa sigara. Kiingereza alikuwa nacho cha sokoni. Hakuna tatizo, akasema, hakuna tatizo, juu, chini, nani ataona? Shangazi akanyoosha mkono rafuni akachukua boksi la kiatu, zuri, limechapwa hapohapo. Akaliweka mezani juu chini. Kiatu kikawa kinatembea kwenye dari.

"Laoban," akasema kwa Kiswahili chake cha Kariakoo, polepole, kwa heshima. "Hili utalinunua wewe?"

Laoban akalitazama boksi. Akalitazama na kurasa. Sigara akairudisha mfukoni.

Mimi nilikuwa namwonea huruma mkewe, maana alikuwa amevua miwani na kutazama vidole vyake. Nikachukua kamba ya robota iliyokuwa sakafuni, nikamshikisha shangazi ncha moja, nyingine nikaishika kwa meno, nikaanika juu yake kitambaa cha kufutia mikono. Nikaonyesha kitambaa, nikaonyesha herufi. Halafu nikachukua kitambaa nikajaribu kukisimamisha juu ya kamba. Kikaanguka. Nikajaribu tena, kikaanguka tena. Yule mama akafunika mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na alipoanza hakuweza kuacha, mpaka mumewe akaanza naye, na shangazi akasema sasa tumekuja kazini au kwenye harusi.

Kilichotuokoa ni ule unyevu. Hali ya hewa iliyotunyima nguo kavu kutwa kucha ilikuwa imezuia gundi isishike. Wembe ukipita chini, kipande kinainuka kizima. Mama anainua, mimi nageuza, yeye anabandika, naye kabla hajakandamiza ananitazama. Nikiitikia kwa kichwa anakandamiza. Sikupata kutazamwa vile maishani mwangu. Shuleni mwalimu alipotaka jibu alitazama madawati ya mbele, na mimi nilikuwa wa nyuma.

Tulipomaliza kukabaki ukurasa mmoja hauna kitu. Mbuzi, daraja, ukungu, na chini peupe. Laoban akasema yeye ameona ni picha tupu. Ili nisikosee nikarudi mwanzo, nikaweka kidole juu ya kila picha na kuihadithia kwa sauti, kwa Kiswahili, kama Didi alivyonihadithia. Palikuwa na mbuzi aliyeogopa daraja.

"Enhe," akasema shangazi, kwa mazoea tu, ameshakaa juu ya maboksi anajipepea.

Bibi akamwambia, njoo nikupe hadithi.

"Enhe."

Wakakanyaga ubao wa kwanza, ukalia. Enhe. Nikafika katikati ya daraja, pale peupe, nikanyamaza. Shangazi alikuwa anaangalia nje, mikokoteni inapita. Akangoja, asiposikia kitu akageuka. "Mbona umekatisha? Enhe."

"Hiyo hiyo," nikasema. "Hiyo ndiyo iliyopotea."

Kipande chenye neno moja, kidogo kama kucha. Mama alikuwa amekiona ni takataka ya mkasi. Tukapiga magoti sote kwenye mabaki ya karatasi. Nikachora mwezi na nukta juu ya kiganja changu nikawaonyesha, na laoban akamwambia mkewe neno, mkewe akaonyesha dari, wakakubaliana kwamba ni mwezi. Tulichambua kapu lote. Meiyou, akasema laoban, hakuna, neno tulilolisikia kwenye kila duka la Zhanxi kila tulipoulizia saizi, lakini sasa alilisema kwa masikitiko. Akanyanyuka kwenda kutazama chini ya mashine, na mguu ulipoinuka nikakiona. Kilikuwa chini ya ndala yake, kimeganda kwa gundi, kimeshika vumbi pembeni, mwezi wake mzima.

Nikamshika mguu. Akasimama kwa mguu mmoja ameshikilia maboksi, akakaa kimya kama farasi anayepigiliwa kiatu cha chuma, nikakibandua kwa wembe. Mkewe akakipuliza, akakifuta kwa pindo la blauzi yake. Hakunisubiri mimi safari hii. Alikiweka chini ya mbuzi, akakigeuza mwenyewe mwezi ukawa juu, akakandamiza kwa kidole gumba na kuacha kidole pale kwa muda.

Karatasi za kwanza zilizotoka mashineni tulipewa tukazikunja wenyewe. Nikazibeba kifuani njia nzima, watu na mikokoteni wananipisha, shangazi mbele anafungua njia kwa kiwiko na kusema "kitabu, kitabu," kwa Kiswahili, kama vile wapagazi wa pale walikuwa na haki ya kujua.

Didi alikuwa amekaa, mto mgongoni. Kaka alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na vumbi la marobota. Nikamwekea Didi karatasi zile mapajani. Alifungua ukurasa wa kwanza akapitisha kidole kwenye mstari, juu, kutoka huku mpaka kule. Akafungua wa pili. Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza yote, kuhusu benchi na kamba na ndala, lakini nilipomwona anavyosoma, midomo inacheza bila sauti, nikaona hayo yatangoja. Alipofika katikati akaacha. Akanigeuzia kitabu.

"Soma," akasema.

"Hun," nikasoma.

Akaendelea kusoma kwa sauti kutoka hapo, kwa Kinepali, mpaka mbuzi akavuka. Sisi tuliitikia kila mmoja kwa desturi ya kwao. Shangazi alisema enhe yake mpaka mwisho na akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akisingizia unyevu.

Vitabu viliondoka na viatu. Mwaka uliofuata tulirudi Guangzhou, na asubuhi moja mlango ukagongwa. "Kaka," mtu akajitangaza. Nywele zilizobaki zilikuwa zimepungua zaidi. Akatuambia Didi sasa ana kitabu cha pili na cha tatu, kwamba wachapaji wa Kathmandu waliokuwa wakimpa chai sasa wanakunywa chai nyumbani kwake, na kwamba kile cha mbuzi alikipandisha mlimani yeye Kaka mwenyewe, mgongoni, akavuka nacho daraja. Alikaa nyuma ya darasa siku ya kwanza kiliposomwa. Walipofika ukurasa wa katikati mwalimu akanyamaza, na watoto wote wakaitikia.

"Na wewe?" shangazi akamwuliza kupitia kwangu.

Kaka akajikuna kichwa. "Nilichelewa kidogo," akasema. "Lakini niliitikia."

Halafu akatoa zawadi yangu kutoka kwa Didi, imefungwa ndani ya shali. Nilitegemea nakala mpya. Alichonipa kilikuwa kimetoka shuleni kwenyewe. Jalada lina manjano ya jikoni, kurasa zinanuka mafuta ya nywele, na kona ya chini haipo, imeng'atwa, alama za meno ziko pale. Kwenye ukurasa wa katikati, chini ya neno lile, karatasi imekuwa nyeusi na laini kwa vidole vya watoto.

Shangazi alitaka tukitie kwenye nailoni kisizidi kuchafuka. Nikakataa. Kiko mezani, wazi, na wageni nawaambia wakishike kwa mikono yoyote waliyo nayo.